Gari Limekata Nguvu Ghafla: Anza na Moshi

Ndugu mafundi, na nyinyi madereva mliokaa nyuma, karibuni. Gari letu la leo ni Land Cruiser ya injini 1HZ, zile ndefu za kubebea watalii Arusha. Limekatwa likarefushwa, limeongezwa tanki la pili, na mwenyewe akaona bado halimtoshi, akafunga na tabo, ile feni ndogo ya kusukumia hewa zaidi kwenye injini. Linapanda vizuri kuelekea ukingo wa Ngorongoro, mara puu! Nguvu zimekwisha. Injini haijazima, lakini pale lilipokuwa likivuta kwa gia ya tatu sasa linaomba ya pili, kisha ya kwanza.

Wapo watakaosingizia mwinuko. Ukingo ule uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni kama robo tatu tu ya ile ya Tanga. Lakini mwinuko hula nguvu polepole, kadiri mnavyopanda. Kilichotokea kwa mkupuo mmoja kina sababu nyingine.

Kwa hiyo kabla hujashika spana, muulize dereva: ulipokanyaga mafuta, kwenye kioo uliona moshi gani?

Moshi mweusi tii maana yake dizeli ipo, hewa haitoshi. Kukosekana kabisa kwa moshi, gari likiwa zito, maana yake dizeli haifiki. Mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua, kwa hiyo tazama taimingi (wakati wa kumwaga dizeli) na nozeli (vinyunyizio vya dizeli). Wa bluu ni oili, mara nyingi sili ya tabo. Nitakaa zaidi kwenye ile miwili ya kwanza, maana ndiyo inayopoteza pesa za watu.

1HZ ilitoka mwaka 1990 ikiwa silinda sita, lita 4.2, bila tabo. Pampu yake ya dizeli haina habari na tabo. Fundi akishafunga tabo ya psi 7 hadi 10, huongeza dizeli kwa skrubu, na pampu itamwaga kiasi hicho hata kama busti, yaani msukumo wa hewa wa tabo, haipo. Mpira kati ya tabo na manifodi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, ukichomoka, dizeli inaendelea kuja ileile: moshi mweusi, na joto la ekzosi linapanda upesi. Dereva akizidi kukanyaga ndipo pistoni na hedi zinapopasuka.

Sasa sikilizeni hapa. Wako mafundi waliofunga pampu yenye kifaa cha kusoma busti, kile kikombe cha daiaframu juu ya pampu, chenye kimpira chembamba kinachotoka kwenye manifodi. Kimpira hicho kikipasuka, pampu inadhani tabo haifanyi kazi na inabana dizeli. Hapo hakuna moshi kabisa! Mpira mkubwa unaleta moshi mweusi, kimpira kidogo kinaleta ukavu, yaani gari zito bila moshi, na yote mawili ni uvujaji wa hewa. Kwa hiyo ujue kwanza pampu iliyofungwa ni ipi. Kupima daiaframu, pampia kikombe kwa pampu ya mkono hadi psi 10, kisha subiri dakika moja. Geji ikishuka, daiaframu imechanika.

Na geji ya busti ikisoma chini, usikimbilie kuihukumu tabo. Tabo inazungushwa na ekzosi. Dizeli ikipungua, ekzosi inapoa, na busti nayo inashuka.

Kutafuta uvujaji kwa macho ni kujidanganya. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki kinachoingia kwenye mpira wa kuvutia hewa wa tabo, kitoboe, funga valvu ya tairi la tyubulesi. Kaza kwa klempu, legeza kifuniko cha kujazia oili, halafu ingiza upepo polepole hadi psi 10, usizidishe. Mwagia maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Upepo kidogo kusikika kwenye ekzosi au tundu la oili ni kawaida, lakini povu kwenye mpira au intakula (kipoza hewa ya tabo) si kawaida. Mpira unaochomoka kila mara, tazama ncha ya bomba: mara nyingi ni laini, haina ukingo, na ndani kuna utando wa oili. Futa oili, chomelea ukingo mdogo kuzunguka ncha, weka klempu za boliti badala ya zile za skrubu.

Kuna mpira mmoja mjanja, ule unaotoka eya klina kwenda tabo. Ukiwa laini, unanywea injini ikipandisha mizunguko, na ukisimama kuufungulia boneti unakuta umejaa vizuri kabisa. Mwenzako akanyage mafuta huku wewe ukiutazama, mikono mbali na feni. Gari likiwa limesimama huenda usinywee vya kutosha, kwa hiyo ubonyeze kwa vidole ungali moto. Ukikubali kirahisi, badilisha, au tafuta wenye waya ndani.

Tuje kwenye ukavu. Funga mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu na utazame mapovu: yakipita, kuna mahali panavuta hewa. Kisha chukua dumu la dizeli safi, lifunge imara juu kuliko pampu, mbali na ekzosi, ulishe pampu kutoka humo, na mpira wa kurudisha uuelekeze humohumo. Nguvu zikirudi, pampu haina kosa, usiiguse. Kosa liko nyuma: filta, chujio la ndani ya tanki, paipu iliyobonyea, au swichi ya kubadilisha matanki iliyokwama katikati. Tanki la pili hukosewa hasa kwenye mpira wa kupumulia, ukibanwa na bodi mpya. Gari linakwenda kilomita kadhaa, linakaba. Fungua kifuniko cha tanki: ukisikia fyuu na nguvu zikarudi, umeshapata jibu.

Ikiwa hewa na dizeli viko sawa, legeza flenji ya paipu ya ekzosi baada ya tabo na uendeshe hatua chache. Gari likichangamka, sailensa imeziba kwa ndani. Kisha legeza nati za paipu za nozeli moja moja, injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Ile isiyobadilisha mlio ndiyo silinda iliyolala. Pima kompresheni, msukumo wa hewa ndani ya silinda: tofauti ya zaidi ya bar 5 kati ya silinda ni sababu ya kufungua hedi.

Hilo la kulegeza nati msilifanye kabisa kwenye Hilux zenye injini za 1KD au 2KD. Humo msukumo wa dizeli unapita bar 1,000 na unatoboa ngozi. Kwenye hizo, kama mtu ameongeza kisanduku cha kuongeza nguvu, kichomoe kwanza, kisha soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari: P0299 ni busti ndogo, P0234 busti imezidi, P0087 msukumo wa dizeli uko chini.

Madereva, hili ni lenu. Mpira ukichomoka porini, acha injini isailensi dakika mbili, zima, urudishe hata kwa waya. Usiendeshe ukiwa wazi: injini inavuta vumbi lisilopita eya klina, na vumbi la Serengeti linasaga ringi za pistoni kama msasa. Ukishaufunga, nenda gia ndogo, mafuta nusu, kioo kikiwa hakionyeshi weusi.