Jina Lililobaki Mkononi: Kufuta Tatuu kwa Leza

ZAITUN: Hamjambo wasikilizaji, tuko Kampala. Mimi ni Zaitun, na ndugu yangu Okello amekuja na shati la mikono mirefu kwenye jua hili. Waambie sababu.

OKELLO: Dada, nimepigwa leza juzi. Mara ya nne. Nikiwa na miaka 19 nilichorwa jina la msichana mkononi, herufi kubwa kabisa. Leo nina mke, nina mtoto aliyejifunza kusoma mwaka jana. Siku moja tunakula, akalisoma kwa sauti: "Baba, huyu ni nani?"

ZAITUN: Pole sana.

OKELLO: Mke wangu hajawahi kunisema hata siku moja. Lakini ile jioni hakuna aliyemaliza chakula chake.

ZAITUN: Na hukuanza na leza. Lieleze na hilo, maana wengi wanapitia njia hiyohiyo.

OKELLO: Nilinunua krimu mjini. Muuzaji aliniambia wiki mbili tu. Ngozi ilibabuka, herufi mbili zikageuka kovu, na wino ukabaki palepale.

ZAITUN: Mimi ni muuguzi wa kliniki ya ngozi, na vidonda vya namna hiyo vinaniumiza roho kila nikiviosha. Wino hauko juu. Sindano inaushusha hadi tabaka la pili, chini ya ile ngozi ya juu inayojibadilisha kila baada ya wiki chache. Krimu yenye nguvu ya kufika huko itakuwa imeunguza kila kitu njiani.

OKELLO: Sasa mbona mwili wenyewe hauutoi, miaka yote hii?

ZAITUN: Unajaribu. Kuna chembe za kinga zinazomeza uchafu. Zinaumeza na wino, ila punje zake ni kubwa, haziwezi kuzisaga wala kuzibeba. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwenye panya kwamba chembe hiyo ikifa inauachia wino, halafu chembe mpya inayoshika nafasi yake inaumeza tena. Kwa hiyo jina la yule dada limekuwa likipokezwa ndani ya mkono wako tangu una miaka 19.

OKELLO: Aisee.

ZAITUN: Leza inaingilia hapo. Inatoa mwanga kwa muda mfupi mno, sehemu za bilioni za sekunde, na mashine mpya zaidi hata chini ya hapo. Punje inapasuka inakuwa vumbi. Vumbi hilo sasa mwili unaweza kulibeba, taratibu, kupitia mishipa ya limfu, ile inayobeba majimaji na uchafu kutoka kwenye ngozi. Mashine inapasua, mwili ndio unaosafisha. Ndiyo maana tunakwambia usubiri wiki sita hadi nane, na kwa ngozi zetu hata zaidi. Ukirudi mapema unaongeza jeraha juu ya jeraha.

OKELLO: Mahali pa kwanza waliniambia nirudi kila wiki! Na mimi nilikuwa nimeuliza bei tu.

ZAITUN: Bei uliize baadaye. Kwanza uliza mashine inatoa mwanga wa urefu gani wa wimbi. Hili nataka msikilizaji wa Uganda alishike, kwa sababu maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa watu weupe. Ngozi yetu ina melanini nyingi, yaani ile rangi ya asili inayoifanya iwe nyeusi, na melanini nayo inanyonya mwanga. Wimbi la nanomita 1064 linazama chini na melanini hailinyonyi sana. Ndilo salama zaidi kwetu, na linafaa wino mweusi. La 532, la wino mwekundu, melanini inalinyonya sana. Unaweza kutoka na mabaka meupe au meusi yanayokaa miezi, mengine hayaondoki.

OKELLO: Na kijani?

ZAITUN: Kijani na buluu kwa kawaida vinahitaji 694 au 755, na hayo pia melanini inayapenda. Mwenye maua ya rangi mkononi aambiwe ukweli kabla hajalipa. Halafu kina dada waliochorwa nyusi au midomo saluni: wino wa rangi ya ngozi, mweupe au wa kahawia, unaweza kugeuka mweusi papo hapo ukipigwa leza. Lazima ijaribiwe sehemu ndogo kwanza, isubiriwe wiki kadhaa. Na kama kwenu makovu huvimba na kukua, sema mapema. Ukiona hawakuvalishi miwani ya kukinga macho, toka.

OKELLO: Maumivu nayaeleza mimi. Ni kama mafuta ya mandazi yanayokurukia, mfululizo, ila kwa dakika chache. Ngozi inakuwa nyeupe kama imemwagiwa unga, nikashtuka.

ZAITUN: Hivyo ni viputo vya gesi ndani ya ngozi, vinatoweka baada ya dakika kama ishirini. Malengelenge yakitokea usiyatumbue. Osha kwa upole, paka vaselini, funika. Na jua! Ikweta iko pale Kayabwe, njia ya Masaka. Ukipanda boda mkono wazi, ngozi inayopona inaweza kubaki na mabaka.

OKELLO: Ndiyo hili shati.

ZAITUN: Hebu likunje nione. Herufi ya kwanza imekuwa kivuli tu. Hizi mbili zilizoungua kwa krimu ndizo ngumu, wino chini ya kovu hautoki kwa urahisi. Zinaweza kuacha alama, Okello, sitaki kukudanganya.

OKELLO: Daktari naye aliniambia hivyohivyo, na nimekubali. Labda vikao vinne vingine. Ila Jumapili mtoto alinishika mkono, akajaribu kulisoma. Akakwama kwenye herufi ya kwanza, akaenda zake kucheza.