Mama aliyezunguka dunia na sanduku la rangi, Kenya hakufika

Mambo vipi watu wangu wa Nairobi! Mkinisikia nahema, nimetembea kutoka stesheni, na baridi ya leo inaingia hadi kwenye meno. Niko London, kwenye bustani ya mimea ya Kew. Ndani sikutaka kusumbua watu na kamera, kwa hivyo nawasimulia hapa nje kwenye benchi.

Wageni wa chaneli: huku nafanya kazi ya usiku kwenye ghala, lakini nyumbani nilikuwa nachora matatu. Kwa hivyo nikiona rangi lazima nisimame.

Humu ndani kuna nyumba ya matofali iliyojaa kazi ya mtu mmoja tu, Marianne North, Mwingereza aliyezaliwa 1830. Baba yake, mbunge, alifariki 1869. Binti alikuwa hajaolewa. Mwaka 1871, akiwa na miaka 40, akafunga virago akapanda meli. Jamaika, Brazil, Japani, Borneo, India, Australia, na mara nyingi akisafiri peke yake. Enzi hizo! Shangazi zangu mpaka leo wananiuliza nani ananipikia.

Nyumba aliijenga kwa pesa zake, ikafunguliwa 1882. Picha ni zaidi ya 800, fremu imegusana na fremu, zimebanana kama abiria wa mtaa wa Umoja saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha. Chini yake ukutani kuna vipande vya mbao za aina 246 alizokusanya safarini. Unaingia, macho hayajui yaanzie wapi.

Halafu kuna kisa cha chai. Alitaka wageni wapewe chai au kahawa. Mkurugenzi wa bustani akakataa. Basi mama wa watu akachora mchai na mbuni juu ya milango. Wageni wapate hata kuviona! Nimecheka peke yangu mle ndani mpaka mlinzi akanigeukia.

Sasa sikieni kilichonishika. Darasa la sita tulipelekwa Makumbusho ya Nairobi, tukaona maua ya Joy Adamson, yule aliyekuja Kenya 1937. Mazuri, mkono safi kabisa, lakini ua limekaa peke yake kwenye karatasi nyeupe, kama limeitwa kupigwa picha ya kitambulisho. North analiacha ua kwao. Nyuma kuna mlima, kuna mto, kuna mmea jirani unaoligombania jua. Nilisimama kwenye ua moja la Afrika Kusini, refu kama mwenge, kwenye jamii inayoitwa Kniphofia. Aina hiyo ilipewa jina lake, northiae. Ukisogea unaona rangi ya mafuta imepakwa haraka haraka, mtu anakimbizana na mwanga. Hiyo naijua. Kwenye matatu ulikuwa unakimbizana na mwenye gari.

Nikaanza kutafuta Kenya. Hakuna. Alikokaribia kwetu ni Ushelisheli, 1883. Msimlaumu. Alifariki 1890, na reli ilifika Nairobi 1899. Angekuta kinamasi na ng'ombe wa Wamaasai.

Na mwisho wake ndio sikuutarajia. Mwaka 1886, mwili umechoka, akahamia kijiji cha Alderley, Gloucestershire, akaanza bustani. Mtu aliyeona misitu ya Borneo, sasa anahangaika na tuta la nyuma ya nyumba. Miaka minne hivi, basi.

Mimi sina tuta. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, na dania niliyopanda kwenye mkebe imekufa mara mbili. (Ndiyo, nilimwagilia. Acheni.) Lakini Mama yuko Umoja, juu ya paa, na magunia yake matatu ya sukuma: mashimo ubavuni, majani yametoka kila upande, na lile tangi jeusi la maji nyuma, na kamba ya nguo, na jirani anayeanika blanketi la rangi ya chungwa kila Jumamosi. Miaka yote nimepita hapo nikienda kurekebisha antena.

Kwa hivyo Mama, najua unatazama kwa simu ya Kevo. Jumamosi saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande wa tangi, nipigie ya video uniwekee simu pale kwenye ngazi. Blanketi la jirani msilitoe. Na tafadhali, usichume kwanza. Leo pikeni kabeji.