Wazazi si wa kuitwa siku ya mchango tu

Bwana asifiwe. Kaeni, kaeni. Najua wengi mlishanisikia kwenye hili na kuna mlezi wa vijana pale nyuma ameshaanza kucheka, sawa, nitaacha kulisema siku mtakapoacha kulifanya.

Wazazi tunawaita lini? Kambi imekaribia na hela haitoshi, tunawaita. Kijana kakutwa na kitu kwenye begi, tunawaita mbio. Hapo katikati kimya. Halafu kwenye vikao tunalalamika eti wazazi hawatoi ushirikiano, ushirikiano gani jamani, mtu akiona namba yako tu anajiuliza leo ni pesa au ni kesi!

Twende Luka 2. Ndiyo, ileile, vumilieni. Yesu ana miaka 12, Pasaka imeisha, msafara unarudi kutoka Yerusalemu. Yusufu na Mariamu wanatembea siku nzima mtoto hayupo na hawana habari, kisa walidhani yumo humohumo na wenzake. Na hawa si wazazi wazembe ati, ni Mungu mwenyewe kawachagua. Jioni ndo wanaanza kuulizia kwa ndugu na jamaa, hayupo, wanageuza njia yote ile, wanakuja kumpata baada ya siku tatu. Wapi? Hekaluni! Sasa kuna watu huwa wananiambia, mwalimu, si alikuwa nyumbani mwa Mungu, shida iko wapi? Shida ni kwamba mama yake hajui! Anamwambia kabisa, baba yako na mimi tumekutafuta kwa huzuni. Mtoto yuko mahali pazuri, anaongea na walimu wakubwa, na mzazi anahangaika barabarani. Na msiishie hapo kwenye "imenipasa kuwa kwa Baba yangu", someni mbele, alishuka nao Nazareti akawa anawatii. Huduma haikumtoa mikononi mwa wazazi wake, sembuse hawa wa kwetu. Sisi tena tumezidisha, mzazi anajua kijana yuko kanisani, sisi tunajua kabaki nyumbani, mwenyewe hayupo kwetu wala kwao.

Piga hesabu. Wiki ina saa 168, wewe kijana unaye saa mbili tu, toa nyimbo, toa matangazo, toa kusubiri waliochelewa. Kumbukumbu la Torati 6 inasema maneno haya mtoto afundishwe mkiwa mmekaa nyumbani, mkitembea njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Mlezi gani wa vijana yupo kijana akiamka?

Mtaniambia, "Wazazi wakiwepo vijana hawataongea." Kwani nani kasema wakae mstari wa nyuma kama wasimamizi wa mtihani? Mtumie mzazi meseji kabla ya kipindi, mada ni hii, andiko ni hili, na swali moja la kuongea nyumbani. Asimuulize "mmefundishwa nini", jibu mnalijua, "kawaida tu". Kama mada ni msamaha, mzazi aanze kusimulia yeye mtu gani ilimwia vigumu kumsamehe, aone kama huyo kijana hatatoa earphone masikioni. Sentensi tatu zinatosha, usimtumie mahubiri.

Siri za vijana, haraka haraka. Alichokuambia kijana si habari ya kupeleka kwao. Ila usimuahidi kwamba hutasema lolote, akiwa hatarini utasema, mwambie hivyo mapema. Na kama anayemuumiza yuko nyumbani, usipige simu nyumbani, nenda kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto.

Wazazi wasiosali kwetu nao waiteni, wamekuachia mtoto wao, unataka nini tena? Baba yake Timotheo, yule kijana aliyetumika na Paulo, alikuwa Myunani, imani Paulo anaitaja kwa bibi Loisi na mama Eunike, kwa hiyo bibi anayelea naye umuite, usisubiri cheti cha ndoa.

La akina baba nilikuwa nimeliandaa refu lakini naonyeshwa saa. Zile fomu za kambi mlangoni msizigawe kwanza, sehemu ya mzazi mmeacha mstari wa sahihi tu, ongezeni namba yake na muda anaopatikana, halafu ndo mgawe. Maswali?