Makato ya Mashine ya Kadi: Nani Anachukua Nini

Assalaam aleykum, na habari za jioni, ndugu zangu. Nafurahi kuwaona wenye maduka ya Mji Mkongwe, wenye nyumba za wageni kutoka Nungwi na Paje, na mama zangu wa viungo. Nimeombwa nizungumzie makato ya mashine ya kadi, nami nitaanza na hesabu, maana hapo ndipo panapouma.

Chukulieni duka la vyakula. Umeuza bidhaa za shilingi 100,000, nawe ulizinunua kwa jumla kwa 92,000. Mteja amelipa kwa kadi, na mkataba wako wa mashine unasema asilimia 2.5. Benki inakuingizia 97,500. Ukizitazama unaona kilichokatwa ni kidogo. Lakini wewe huli ile laki moja. Unakula zile 8,000 za faida, na 2,500 zimetoka humo humo. Karibu theluthi ya faida imeshakwenda, na bado hujalipa umeme, pango, wala kijana anayekusaidia dukani. Jirani yako anauza vinyago, kila laki inamwachia faida ya 50,000. Asilimia ni ile ile 2.5, lakini yeye kakatwa sehemu moja katika ishirini ya faida yake. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia mashine, mpigie hesabu ya faida yako, maana yeye atakupigia ya mauzo.

Sasa, hizo 2,500 zinakwenda kwa nani? Wengi wanadhani zote zinabaki kwa benki iliyowapa mashine, na hapo ndipo magomvi mengi yanapoanzia. Mgeni kutoka Milano akigusisha kadi yake kwenye mashine, kuna watatu wanaosubiri fungu lao. Wa kwanza ni benki ya kule Italia iliyompa kadi. Kwa kawaida ndiye anayechukua fungu kubwa kuliko wote. Wa pili ni mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, unaopitisha ujumbe kati ya benki hizo mbili. Wa tatu ndiyo benki yako ya hapa. Na fungu la benki ya Italia halipangwi na benki yako. Mtandao wa kadi ndio unaopanga kiwango chake, kulingana na aina ya kadi, kadi imetoka nchi gani, na malipo yamefanyika vipi. Ukienda tawini kulalamika, meneja hana uwezo wa kuligusa. Fungu lake mwenyewe, hilo anaweza kulipunguza.

Mimi naamini kila mfanyabiashara ana haki ya kuonyeshwa mafungu haya matatu kila moja peke yake. Akipewa tarakimu moja tu iliyofungwa, hawezi kujua kama ameuziwa ghali. Ombeni mchanganuo, tena kwa maandishi.

Mambo haya yamepiganiwa sana huko nje. Marekani, wafanyabiashara waliwashtaki Visa, Mastercard na mabenki mwaka 2005, na kesi ile imeburuzwa miaka mingi. Juni 2024 jaji alikataa mapatano mapya yaliyoletwa mbele yake. Huku nyuma Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia Oktoba 2011 fungu la mabenki makubwa kwenye kadi za debiti, zile zinazokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya mteja, likawekewa kikomo: senti 21 kwa kila malipo, na asilimia 0.05 juu yake, pamoja na senti moja ya kuzuia wizi kwa benki inayostahili. Kabla ya hapo wastani ulikuwa kama senti 44. Wenye maduka makubwa wakashangilia.

Lakini tazameni muuza kahawa. Kikombe cha dola 2, senti 21 ni zaidi ya asilimia 10. Zamani mitandao ilikuwa na viwango nafuu kwa malipo madogo madogo. Kikomo kilipokuja, wakawapandisha wauzaji hao mpaka kwenye kikomo chenyewe. Sheria iliyotungwa kuwasaidia ikawaumiza. Nawaambia haya kwa sababu baadhi ya mikataba ina ada ya kudumu kwa kila malipo, mbali na asilimia. Kwa mwenye hoteli si kitu. Mama anayeuza pakiti ya karafuu ya shilingi elfu tatu aisome mistari hiyo mara mbili.

Ulaya walikwenda njia nyingine. Tangu Desemba 2015 fungu la benki iliyotoa kadi haliruhusiwi kupita asilimia 0.2 kwa kadi ya debiti na 0.3 kwa kadi ya mkopo, kwa kadi za kawaida za watu binafsi zinazotumika humo humo ndani ya Umoja wa Ulaya. Yule mgeni wetu wa Milano akinunua kwao, muuzaji analindwa na kikomo hicho. Akija kununua kwako, kinga hiyo haivuki bahari. Kadi ni ile ile, mfuko ni ule ule, ada ni nyingine kabisa.

Jambo jingine linawahusu sana wenye nyumba za wageni. Mwaka 2019 Visa na Mastercard walikubaliana na Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, kuhusu kadi zilizotolewa nje ya Ulaya zinapotumika humo: mteja akiwa dukani, fungu la benki iliyotoa kadi lisizidi asilimia 0.2 na 0.3, akilipa mtandaoni, 1.15 kwa debiti na 1.50 kwa kadi ya mkopo. Pengo hilo linatufundisha namna mitandao inavyoipima hatari. Mteja akiwepo na kadi yake yenye chipu, wizi ni mgumu. Namba za kadi zikiletwa kwa simu au barua pepe nawe ukazibonyeza kwa mkono, ada hupanda, na mgeni akirudi kwao akasema "sikulipa mimi", wewe ndiye unayebeba hasara. Kwa hiyo mgeni akifika mapokezi, mwambie atoe kadi aiingize mwenyewe kwenye mashine. Tunza karatasi ya kuhifadhi chumba yenye sahihi yake, usiitupe akishaondoka.

Watu wananiuliza, mbona malipo ya simu ni nafuu? Kenya, kwa mfano, Lipa na M-Pesa ya Buy Goods hukata mfanyabiashara asilimia 0.55. Pesa inatoka mfuko mmoja kwenda mwingine ndani ya kampuni moja, hakuna benki ya mbali inayosubiri fungu, wala hakuna mkopo. Kwa wateja wa hapa, bandikeni lipa namba mahali panapoonekana. Lakini Mtaliano wa wiki moja hana laini yenu, ana kadi.

Naona dada pale nyuma ameinua mkono. Anauliza kama anaweza kumwongezea mgeni asilimia 3 akitaka kulipa kwa kadi. Dada yangu, soma mkataba wako kwanza, maana mingi inakataza, na benki inaweza kukunyang'anya mashine. Pili, Uingereza na Umoja wa Ulaya walipiga marufuku nyongeza hiyo kwa kadi za kawaida tangu Januari 2018. Mgeni wa huko akiiona anahisi anaibiwa, na atakwenda kuandika hivyo. Mimi ningeiweka gharama hiyo ndani ya bei ya chumba tangu mwanzo, bei iwe moja kwa wote.

Kalamu na kikokotoo viko mezani. Aliyekuja na taarifa ya benki ya mwezi uliopita asogee huku mbele, tuanze na ya kwake.