Chembe Inayofika Pafuni: Kusanifu Unga wa Dawa wa Kuvuta

Wenzangu wafamasia, na nyinyi wanafunzi mlioondoka Mbarara alfajiri ili muwahi hapa Kampala, asanteni kwa kuja. Historia tutaiacha, tuanze na vilivyo mezani.

Hapa kuna vikombe viwili. Kimoja kina sukari ya kawaida, kingine unga wa muhogo uliosagwa na kuchekechwa. Nikikiinamisha cha sukari, inamiminika. Unga wa muhogo umekataa. Nikigonga, linaanguka donge zima. Mpika kalo yeyote, yaani ugali wa unga kama huu, analijua hilo. Basi dawa ya pafuni ni laini kupita unga huu, na bado tunaitaka ijazwe kwenye kapsuli kwa kipimo kilekile kila mara, kisha mgonjwa akivuta pumzi moja itawanyike chembe mojamoja.

Kwa nini iwe laini hivyo? Njia ya hewa imejaa kona. Chembe nzito haiwezi kukata kona, inagonga nyuma ya koo na kumezwa. Iliyo chini ya mikromita 1 huelea tu, na nyingi hutoka na pumzi. Tunalenga kati ya 1 na 5. Lakini namba hiyo si kipenyo unachokiona kwenye hadubini. Ni kipenyo cha kihewa, yaani kipenyo cha tone la maji ambalo lingeanguka kwa kasi sawa na chembe yako. Kwa chembe ya mviringo, chukua kipenyo halisi, zidisha kwa kipeuo cha pili cha densiti yake kwa gramu kwa mililita.

Fanyeni hesabu nami. Chembe ngumu ya mikromita 3 yenye densiti 1.4 inapata 3.5. Chembe ya mikromita 10 iliyojaa matundu kama sifongo, densiti 0.1, inapata 3.2. Zote mbili zitatua sehemu moja ya pafu, ingawa ile kubwa imebeba uzito wa karibu mara mbili na nusu. Tena hainati sana, na hapo ndipo penye faida kubwa.

Kunata ndiko kunakotutesa. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, uzito wa chembe unashuka mara nane, lakini nguvu ya kuishikilia kwa jirani yake inashuka mara mbili tu. Ukifika mikromita 3, uzito hauna sauti tena. Wanafunzi wengi hujivunia picha ya hadubini yenye chembe nzuri za mikromita 2, kisha kifaa cha kuvutia dawa kinatoa madonge ya mikromita 20. Kusaga kwa jeti ya hewa kunakupa ukubwa huo bila shida. Kunakupa pia nyuso zilizovunjika, umeme tuli, na sehemu za juu zilizopoteza fuwele ambazo baadaye hunyonya maji na kushikana.

Suluhisho la zamani ni kubebesha. Unachukua laktosi, sukari ya maziwa, ya mikromita 50 hadi 100, unachanganya na dawa iliyosagwa, dawa inang'ang'ania juu ya laktosi. Mchanganyiko unamiminika kama sukari ile. Mgonjwa akivuta, dawa inabanduka na laktosi inabaki kooni. Kwa pumu inafaa sana: kapsuli ya formoteroli ina mikrogramu 12 za dawa ndani ya miligramu 25 za laktosi. Sasa jaribu hivyo kwa kiuavijasumu. Tobramisini ya unga inatumika miligramu 112 kwa mara moja, kapsuli nne za miligramu 28. Ukiibebesha kwa uwiano ule wa formoteroli, mgonjwa atavuta zaidi ya gramu 200 za laktosi. Ndiyo maana imetengenezwa kwa chembe zenye matundu, bila mbebaji. Na sisi tunaofikiria kifua kikuu, ambapo vijidudu hukaa ndani ya seli zilezile zinazomeza chembe zikifika kwenye vifuko vya hewa, hatuna budi kupita njia hiyo.

Njia yenyewe ni kukausha kwa kunyunyiza. Nitaieleza kwa kundi dogo la maabara. Yeyusha gramu 1.6 za dawa pamoja na sukari ya kuilinda, trihalosi kwa mfano, na gramu 0.4 za lusini, ambayo ni asidi amino, katika mililita 100 za maji. Chuja. Nyunyiza mililita 3 kwa dakika kwa nozeli ya hewa, joto la kuingilia nyuzi 130, na uangalie zaidi joto la kutokea, liwe kati ya 60 na 70. Hilo la kutokea ndilo linaloamua unga utabaki na maji kiasi gani. Nusu saa na ushee umemaliza. Ukikusanya gramu 1.2, usilalamike.

Ukubwa unaukadiria kabla hujawasha mashine. Tone la mikromita 10, mango (vitu vyote vilivyoyeyushwa) asilimia 2, densiti 1.4: gawa 0.02 kwa 1.4, toa kipeuo cha tatu, zidisha kwa 10. Unapata 2.4. Chembe ikiwa kubwa mno, kishawishi ni kupunguza mkusanyiko wa mmumunyo. Ongeza hewa ya nozeli kwanza, kwa sababu kipeuo cha tatu ni bahili: kupunguza mango kwa nusu kunakupunguzia kipenyo kwa asilimia 20 tu, na muda wa kazi unakuwa maradufu.

Tumtazame tone mwenyewe anavyokauka. Maji yanatoka juu, uso unarudi ndani. Molekuli ndogo inakimbilia katikati na chembe inatoka ngumu, imejaa. Molekuli kubwa inachelewa, inarundikana usoni, ganda linajijenga mapema kisha linakunjamana kama zabibu kavu. Makunyanzi hayo tunayapenda: yanapunguza mgusano. Lusini inafanya zaidi. Inapenda uso wa maji, na huyeyuka gramu 24 hivi tu kwa lita. Sisi tumeweka 4 kwa lita, kwa hiyo tone likipungua ujazo mara sita lusini inaanza kugeuka fuwele, ilhali sukari bado imeyeyuka. Inakuwa koti. Asilimia 5 ya mango yote haitoshi. Mimi huanzia 20.

Koti hilo linatufaa zaidi hapa kuliko kwa wenzetu wa nchi zenye hewa kavu. Sukari iliyokaushwa hivi haina fuwele, na maji kidogo tu yanashusha joto lake la kulainika. Iache wazi Kampala kwenye mvua za Machi hadi Mei, asubuhi utakuta keki ndani ya chupa. Kusanya na ujaze kapsuli katika chumba chenye unyevu chini ya asilimia 40, na jaribio la uhifadhi lifanye kwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75. Kapsuli iwe ya haipromelosi, inayotokana na selulosi ya mimea, yenye maji asilimia 4 hadi 6. Ya jelatini ina 13 hadi 16: itaugawia unga wako maji hayo, yenyewe ibaki imekauka, na sindano ya kifaa ikiitoboa itapasuka vipande.

Upimaji. Msisubiri mashine ya ngazi saba inayotenganisha chembe kwa kipenyo cha kihewa. Ile ya kioo ya vyumba viwili inatosha kuanzia: mililita 7 za kiyeyushi juu, 30 chini, hewa lita 60 kwa dakika kwa sekunde 4. Kinachofika chini ni chembe zilizo chini ya mikromita 6.4.

Hapo kuna mtego wetu wa mlimani. Tuko mita 1,200 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 88. Vipimaji vingi vya mtiririko wa hewa husoma lita za usawa wa bahari. Ikikuandikia 60, halisi inapita 69, na mpaka wako wa mikromita 6.4 umeshuka hadi 6.0. Matokeo yako na ya maabara ya Mombasa hayatalingana, na chembe hazina kosa.

Baada ya kila jaribio, osha na pima kila sehemu: kapsuli, kifaa, koo la kioo, juu, chini. Jumla iwe kati ya asilimia 85 na 115 ya ulichojaza. Ikiwa 70, usiguse lusini wala nozeli. Ifungue kapsuli juu ya karatasi nyeusi uigonge kwa kalamu, kisha kiangalie kinywa cha kifaa: mara nyingi dawa iliyopotea imeganda hapo.