Kupunguza Dalili za Uzee Usoni Bila Kisu: Ngozi Nyeusi Inahitaji Nini

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie tiba za kupunguza dalili za uzee usoni pasipo upasuaji, nami naanza na jambo ambalo matangazo ya kliniki hayalitaji: nyingi ya tiba hizi zilibuniwa na kujaribiwa kwanza kwa watu weupe, ambao ngozi yao huzeeka kwa namna nyingine. Mzungu wa miaka 40 hulalamikia makunyanzi pembeni mwa macho. Mtu mweusi wa umri huo mara nyingi bado hana makunyanzi, ila anaona madoa, rangi isiyolingana mashavuni, vinundu vidogo vyeusi chini ya macho, na baadaye mashavu yanayopungua nyama hadi mstari unaotoka puani kwenda pembeni mwa mdomo ukazama. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, imemkinga kwa miaka mingi, lakini melanini hiyohiyo huacha doa jeusi kila ngozi inapoumizwa. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mgonjwa wetu si tiba ipi ina nguvu zaidi, bali ni ipi itakayomwachia jeraha dogo zaidi.

Tuanze na jua. Katika mji wa Nambour, Queensland, nchini Australia, watu wazima waliopangiwa kupaka losheni ya kukinga jua kila siku kwa miaka 4 na nusu walilinganishwa na wenzao waliojipakia wapendavyo; matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa dalili za kuzeeka kwa ngozi katika kundi la kwanza zilikuwa pungufu kwa asilimia 24. Kwetu lipo la kuongeza: hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchochea madoa kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo losheni inayotufaa zaidi ni ile yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma. (Losheni si kitu cha ughaibuni tu, pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, zimekuwa zikitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino.)

Baada ya jua huja tretinoini, dawa ya chunusi ambayo daktari wa ngozi Albert Kligman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha mwaka 1986 kuwa inarekebisha ngozi iliyoharibiwa na jua. Hupakwa usiku, uso ukiwa umekauka, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, kwanza kwa siku mbili au tatu tu katika wiki, kwani anayeiharakisha hubabuka na kuongeza madoa aliyotaka kuyaondoa. Matokeo huonekana baada ya miezi kadhaa, na mjamzito haruhusiwi kuitumia.

Anayetumia mkorogo, yaani krimu za kujichubua, hana budi kuuacha kabla ya lolote lingine, chini ya uangalizi wa daktari. Steroidi zinazotiwa humo hukondesha ngozi hadi mishipa midogo ya damu ikaonekana, zebaki hudhuru figo, na daktari anayepaka asidi ya kuchubua juu ya uso wa namna hiyo bila kuuliza historia yake, kwa maoni yangu, hafai kushika uso wa mtu.

Kuhusu sindano, botoksi, dawa inayolegeza misuli, ina faida moja kwetu: kazi yake iko kwenye misuli, hivyo rangi ya ngozi haibadilishi hesabu. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, Kanada, aliitumia kutibu kope zinazojifumba zenyewe, akaona mikunjo kati ya nyusi ikilainika. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha taarifa yao mwaka 1992, na Marekani ikaidhinisha matumizi hayo mwaka 2002. Mgonjwa hukunja uso, daktari huchagua sehemu 5 kati ya nyusi na juu yake, kisha huchoma kwa sindano nyembamba. Nguvu yake hudumu miezi 3 hadi 4. Fila za asidi ya hayaluroniki, zinazojaza mashavu yaliyopungua, zinahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa zikiingia katika mshipa wa damu zinaweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Kabla ya kukubali kuchomwa, uliza kama hayaluronidesi, dawa ya kuziyeyusha, ipo chumbani humo. Saluni isiyoijua hata kwa jina, ondoka.

Leza nimeiacha mwisho kwa makusudi. Nyingi kati yake hufanya kazi kwa mwanga unaofyonzwa na rangi, nayo ngozi nyeusi hufyonza joto kama kitambaa cheusi kilichoanikwa juani, ikaungua pasipokusudiwa. Mwanga wa leza ya aina ya Nd:YAG, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, hupenya chini zaidi bila kukamatwa sana na melanini, ndiyo maana ni salama zaidi kwetu. Hata hivyo daktari makini hujaribu kwanza sehemu ndogo iliyofichika, akasubiri wiki kadhaa kabla ya kugusa uso wote. Kwa anayetaka kuchochea kolajeni tu, protini inayoipa ngozi uimara, kutobolewa kwa visindano vidogo kunatosha mara nyingi, kwa kuwa visindano havitafuti rangi, ila mwenye historia ya makovu ya keloidi, yaani yanayovimba na kukua kupita jeraha, amweleze daktari kabla kifaa hakijafunguliwa.