Rekodi Moja Haikodi Feri

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Mliokaa nyuma sogeeni, feni inayozunguka ni hii moja tu ya mbele.

S3, ghala la mafaili la Amazon kwenye mtandao, lililofunguliwa mwaka 2006, wengi mnaitumia kuwekea picha na video. Lakini litazameni vizuri: unataja jina, unapewa kilichowekwa chini ya jina hilo. Ufunguo na thamani yake. Basi ya nini kulipia seva ya hifadhidata usiku na mchana? Si tuandike rekodi zetu mle mle?

Tupige hesabu. Kwa bei ya kawaida ya kituo cha Amazon kilichoko Virginia, Marekani, kuandika mara 1,000 ni nusu senti ya dola. Rahisi, eti? Sasa mfumo wako unaandika mara 100 kwa sekunde, kila rekodi faili lake. Kwa siku ni mara 8,640,000: dola 43 na senti 20, hata kama data yote yaenea kwenye flashi moja.

Dawa yake mwaipanda kila siku pale Likoni. Feri haimvushi mtu mmoja mmoja. Kusanya rekodi za sekunde nzima kwenye memori, zipange kwa funguo zake, zitume kama faili moja. Sasa unaandika mara 86,400 kwa siku, kama senti 43. Baadaye utayaunganisha mafaili madogo, na hilo nalo lina gharama, ila si ile ya mwanzo.

Aliyefika mapema atangoja, hakuna ujanja. Na tahadhari: usimjibu mteja “imeandikwa” ilhali rekodi ingali kwenye memori. Seva ikizimika hapo, imezama.

Je, seva mbili zikiandika jina moja? Zamani, rekodi ya mwisho iliifuta ya kwanza kimyakimya, watu wakatafuta hifadhidata nyingine ya kushikia kufuli, yaani kumzuia wa pili asiandike mpaka wa kwanza amalize. Tangu Agosti 2024 unaweza kusema: andika ikiwa jina hili halijatumika. Wa pili anakataliwa.

Naam, dada? Anauliza kama tiketi za basi, viti viwili vya mwisho, zinafaa humu. Hapana, mwanangu. Abiria yuko dirishani na pesa mkononi, hangojei feri ijae. Hapo tumia hifadhidata ya kawaida. Humu weka kumbukumbu za safari zilizokwisha.